Cheo cha Dalmas

Watu wa mtaa wa Mountain View walimwita Kapteni, na Kibe Kihara hakuona sababu ya kuwakataza. Soja aliyelinda geti la mtaa alimpigia saluti kila asubuhi, saluti mbovu ya kiwiko kilicholegea, naye akaipokea kwa kutikisa kichwa. Alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha wakazi mara tatu bila kupingwa. Si kwamba alijua lolote kuhusu mabomba ya maji taka, ila wagombea wengine hawakuwa na kitu mbele ya majina yao. Kanisani, mkewe Njambi alikuwa Mama Kapteni.

Kusema kweli, Kibe alikuwa afisa wa jeshi la akiba, na jeshi la akiba ni kazi ya kuitwa. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa bima pale mjini, akikagua magari yaliyogongana, na magwanda aliyavaa wiki chache kwa mwaka au serikali ilipopatwa na janga. Lakini cheo ni cheo. Ukishakipata hakuna anayeuliza ulikipata lini na kwa lipi.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, soja akapiga simu kutoka getini.

"Captain, kuna mama hapa. Anasema ni bibi ya marehemu Dalmas Odera."

Kibe akasimama, simu sikioni.

"Anasema bwana yake alikuwa anakusifu sana," soja akaongeza.

"Mwache aingie."

Philister alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, kitambaa kichwani, bahasha ya plastiki kwapani. Aliketi kwenye ncha ya kochi, chini ya cheti cha sifa kilichokuwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu, akaeleza shida yake bila kuizungusha. Dalmas alifariki mwaka jana, akazikwa kwao Ugenya. Mwezi wa nane familia ingejengea kaburi na kuweka jiwe. Yeye alitaka jiwe liandikwe Sajenti Dalmas Odera. Lakini shemeji yake, chifu mstaafu na mtu wa karatasi, alikuwa amekataa. Karatasi ya kuachishwa jeshi ilisema Dalmas alivuliwa cheo kwa kukaidi amri, akaondoka askari wa kawaida. Chifu alisema hawezi kuruhusu uongo uchongwe kwenye boma la baba yao. Walete karatasi nyingine ya serikali, au jiwe liandikwe jina tupu.

"Miaka zaidi ya ishirini watu walikuwa wanamwita soja," Philister akasema. "Alikuwa analinda geti ya watu huko Spring Valley. Mimi nataka alale akiitwa sajenti. Ni hiyo tu."

"Pole sana, mama," Kibe akasema.

"Na yeye alituambia wewe ndiye ulimtuma avuke ile mto. Ati karani ndiye alikosea kuandika. Sasa nikasema, si Captain bado ako hai? Si aende tu aseme?"

Njambi, aliyekuwa akimimina chai, akamtazama mumewe.

"Ni kweli," Kibe akasema. "Ilikuwa karani."

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa upya, na ulizaliwa bila uchungu. Kibe mwenyewe alishangaa ulivyokuwa mwepesi. Marehemu alikuwa amemtengenezea uongo mzima mzima, akamwachia kama mtu anayekuachia mlango wazi. Yeye alichotakiwa ni kuingia tu.

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Mwaka wa tisini na saba, mvua za El Nino zilipomeza nchi, Kibe alikuwa luteni. Alipelekwa na askari thelathini wa akiba ukingoni mwa Tana kugawa unga kwa mashua moja ya mpira. Siku ya tatu, saa kumi jioni, maji yakapanda. Ng'ambo, juu ya paa la shule, kulikuwa na watu. Kibe akayatazama maji yale, akatoa amri: hakuna kuvuka tena mpaka asubuhi. Sajenti Dalmas akasema, "Ndiyo, afande," akapiga saluti, akaenda akaingia mashuani. Alivuka mara mbili. Alirudi na watu kumi na wanne, watoto wengi wao, na bibi kizee mmoja aliyekataa kupanda mpaka kuku wake apande kwanza. Kisha akaja mbele ya Kibe akiwa ametota, akasimama wima. "Nimevunja amri yako, afande," akasema. Asubuhi yake paa halikuwepo.

Jioni ileile ya kuvuka Kibe aliandika taarifa. Ukurasa wa kwanza ulisema Sajenti Odera alikaidi amri halali, akachukua chombo cha serikali bila idhini na kukihatarisha. Ukurasa wa pili ulisema watu kumi na wanne waliokolewa chini ya uongozi wa Luteni K. Kihara. Humo hamkuwa na sentensi hata moja ya uongo. Ndivyo taarifa zinavyoandikwa katika nchi hii: madarasa hujengwa chini ya uongozi wa fulani, miti hupandwa chini ya uongozi wa fulani, hata mvua ikinyesha vizuri ina mwenyewe, lakini choo kikiporomoka hutafutwa fundi. Mkubwa mmoja alisoma ukurasa wa kwanza akatia sahihi. Mkubwa mwingine, ofisi nyingine, alisoma wa pili akatia sahihi. Dalmas akavuliwa cheo na kurudishwa kwao. Kibe akapewa cheti cha sifa, na baada ya miezi minne akawa kapteni.

Kilichomuuma jioni ile haikuwa amri kuvunjwa. Kilichomuuma ni kwamba yeye aliogopa na mwenzake hakuogopa, na askari thelathini waliona. Alimchukia Dalmas kwa usiku mmoja, na usiku huo ndio aliokuwa na kalamu.

Walikutana tena mara moja tu. Kibe alikuwa amealikwa kwenye kikao cha kuchangia harusi, nyumba moja ya Spring Valley, na aliyemfungulia geti alikuwa Dalmas ndani ya sare ya kampuni ya ulinzi. Dalmas alipiga saluti iliyonyooka. "Karibu, afande," akasema. Kibe akasema asante, akaendesha gari mpaka ndani. Kikao kilikwisha saa kumi na moja. Yeye alikaa mpaka saa moja, akala sahani ya tatu ambayo tumbo halikuiomba, akingoja zamu ya getini ibadilike.

Jumatatu akashuka mjini. Ofisi ya masahihisho ya kumbukumbu za jeshi ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilisimama ghorofa ya tatu, basi iliyobaki unapanda mwenyewe. Nyuma ya dirisha la kioo aliketi binti wa Mombasa aitwaye Abeer, buibui nyeusi, kalamu tatu zimepangwa sambamba.

"Shikamoo, mzee."

"Mzuri, mzuri," Kibe akajibu.

Abeer alikuwa na miaka sita Nairobi na hakutarajia jibu bora zaidi. Akampa fomu. Kibe akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, ule uliosifiwa tangu shule ya msingi, na palipoulizwa ni nani aliyefanya kosa akaandika: Karani.

"Karani yupi, mzee?" Abeer akauliza. "Jina lake?"

"Nimesahau. Ni miaka mingi."

"Hata sura yake huikumbuki?"

"Alikuwa mfupi."

Abeer akaandika: mfupi. Akamwambia arudi Alhamisi, faili zitakuwa zimeletwa kutoka ghalani.

Njia ya mwongo fupi, na ya Kibe ilikuwa ya siku tatu. Alhamisi alikuta faili mbili mezani, yake na ya Dalmas, zimefungwa pamoja kwa uzi mweupe uliogeuka rangi. Abeer akafungua, akatoa kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, akaziweka kando ya fomu aliyoijaza Kibe Jumatatu. Herufi K zilikuwa na mkia uleule. Herufi G zilikuwa na tumbo lilelile.

"Karani wako ana mwandiko kama wako, mzee," akasema, wala hakucheka.

Miaka arobaini Kibe alikuwa amewahoji madereva waliodai gari lililowagonga lilikuja peke yake, na sasa alijua wanavyojisikia.

"Naweza kusema nilikuwa nimechanganyikiwa? Ile mvua, unajua..."

"Waweza. Lakini bodi ya masahihisho itasema aliyechanganyikiwa hawezi kuwa shahidi."

"Sasa nifanyeje?"

"Nikwambie ukweli, mzee wangu?" Abeer akaegemea kioo. "Hapa hapana kosa la kuandika. Yaliyoandikwa ni sawasawa na alivyotaka mwandishi. Bodi yaweza kumrudishia marehemu cheo chake kwa njia moja tu: aliyeandika taarifa hii aifute kwa kiapo. Aseme uokoaji ulikuwa wa nani, na amri ile ilikuwa ya nini. Na ukiifuta, waifuta yote. Ukurasa wa kwanza na wa pili."

"Na mimi?"

"Ukapteni wako umesimama juu ya ukurasa wa pili."

Kibe akatazama ule uzi mweupe.

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko. Chukua fomu yako uende zako nyumbani. Hapana atakayekufuata." Akazipanga kalamu zake upya. "Miaka yangu sita hapa, wote huja kuongeza. Huyu ataka miaka, yule ataka cheo, yule nishani. Hajaja mtu kupunguza. Hata fomu yake hatuna, itabidi nikate maneno kwenye hii."

Kibe alichukua fomu yake akaenda zake nyumbani.

Siku tisa aliikalia. Aliongoza kikao cha wakazi kuhusu taka. Alipigiwa saluti na soja mara kumi na nane, akienda na akirudi, na kila saluti ilimchoma kidogo. Alijaribu kujiambia kwamba marehemu hajui. Alijaribu kujiambia kwamba jina tupu kwenye jiwe nalo si aibu, watu wangapi wamelala na majina matupu? Siku ya kumi simu ikaita. Ilikuwa Philister, anauliza tu kama kuna habari, si kwamba anamharakisha. Kibe akasema faili inatafutwa. Akakata simu akiwa na aibu ya mwanafunzi.

Jioni hiyo alimkuta Njambi jikoni, anachagua mawe kwenye maharagwe, akamweleza kila kitu tangu mto mpaka kwa Abeer. Njambi hakuinua kichwa.

"Kwa hivyo wakati huu wote mimi nimekuwa Mama Luteni," akasema mumewe alipomaliza.

"Ndiyo."

"Na nikaandikisha Mama Kapteni kwa mgongo wa T-shirt ya akina mama. Watu arobaini wameona."

"Sikujua mtaandika kwa T-shirt."

"Ungejua ungefanya nini?"

Njambi akatupa jiwe moja kwenye sinki, likalia.

"Huyo Dalmas alikuwa na watoto?"

"Watatu, nadhani."

"Hao wamekua wakiambiwa baba yao alifukuzwa jeshi ju ya ukaidi, na wengine wako hai ju yake." Akaendelea kuchagua. "Mimi nimekukasirikia, Kibe. Nitakukasirikia kwa muda, sijui mpaka lini. Lakini kesho asubuhi uende kwa wakili. Na usiende na gari, utakosa parking urudi na kisingizio."

Wakili aliitwa Mungai, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, Tom Mboya Street. Kazi yake ilikuwa viapo. Kompyuta yake ilikuwa na viapo vilivyokwisha kuandikwa tayari: vya watu wenye majina mawili, vya waliopoteza hati za shamba, vya waliozaliwa upya ili wachelewe kustaafu. Unabadilisha jina na tarehe, unapiga muhuri.

"Wewe unataka nini, mzee? Kupandishwa?"

"Kushushwa."

Mungai akatoa mikono kwenye kompyuta.

"Umeshtakiwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu anakutisha?"

"Hapana. Andika."

Mungai akafungua ukurasa mtupu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. "Mimi," akasoma huku akichapa, "Kapteni mstaafu Kibe Kihara... Niandike Kapteni?"

"Kwa sasa, ndiyo."

Kiapo kilikuwa na vipengele sita. Kwamba alitoa amri ya kutovuka. Kwamba Sajenti Odera alivuka kwa hiari yake, akaokoa watu kumi na wanne. Kwamba yeye, Kibe, alikuwa ukingoni. Cha nne Kibe alikisema polepole.

"Kwamba amri ile niliitoa kwa kuwa niliogopa."

"Hiyo si lazima kisheria," Mungai akasema. "Tuseme tu hali ya maji ilikuwa mbaya. Inatosha, na inakulinda."

"Hali ya maji ilikuwa mbaya hata kwa yule aliyevuka. Iandike."

Mungai akaiandika, akapiga muhuri, kisha akasimama ampe mkono, ijapokuwa si desturi yake kuwainukia wateja wa viapo.

Serikali haina haraka, lakini Abeer, aliyekipokea kiapo kile, alikuwa na haraka kidogo. Mwisho wa mwezi wa saba bahasha ikafika, ndani yake barua mbili. Ya kwanza ilisema kumbukumbu za marehemu Dalmas Odera zimesahihishwa: shtaka la ukaidi limeondolewa, cheo cha sajenti kimerudishwa tangu siku kilipovuliwa, na uokoaji wa watu kumi na wanne umeandikwa kwa jina lake. Ya pili ilikuwa ya Kibe, na ilikuwa fupi zaidi. Alizisoma zote mbili akiwa amesimama. Halafu akapanda kochi na viatu vyake, akaangua kile cheti ukutani. Njambi alipita akamwona juu ya kochi lake na viatu, akampokea cheti.

Kangemi si mbali na Mountain View kwa miguu. Philister alikaa nyuma ya soko, vyumba viwili safi, picha ya Dalmas juu ya kabati la vyombo. Alimkaribisha, akaweka sufuria ya chai jikoni, akakaa mbele yake mikono mapajani. Kibe alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yakamtoka kichwani.

"Mama, hakukuwa na karani," akasema. "Mimi ndiye niliandika. Sikumtuma Dalmas. Nilimkataza, naye akaenda, halafu nikamwandikia mabaya ju aliona nimeogopa. Nimekudanganya pale nyumbani. Nimedanganya hadi ofisini. Naomba msamaha, na ukikataa nitaelewa."

Philister hakushtuka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Dalmas alikuwa hajui kudanganya. Kila mara akisimulia hiyo maneno, karani anabadilika. Leo ni mrefu, kesho ni mnono, siku ingine ana miwani. Nikamuuliza usiku moja, akaniambia ukweli yote. Halafu akaniapisha nisiambie watoto."

"Kwa nini? Mimi nilimharibia maisha."

"Alisema mtoto akijua babake alifanyiwa ubaya na mtu ana jina, atakua akitafuta huyo mtu. Akasema afadhali watafute karani. Karani hawatampata."

Kibe akainamisha kichwa. Machozi yalimjia, akayaacha, maana hakukuwa na askari wa kumwona, na hata wangekuwepo.

"Na wewe?" akauliza baadaye. "Ulipokuja kwangu ulijua. Mbona ukaniambia ni karani?"

"Captain, mimi nilikuwa nataka tu jina ya bwana yangu. Ningesimama kwa geti yako niseme, mimi ni bibi ya ule mtu uliharibia jina, nimekuja uitengeneze. Ungenifungulia?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema bila shaka, mama, unauliza nini.

"Singekufungulia," akasema.

"Ehe," Philister akasema. "Sasa lete hiyo karatasi."

Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika kwenye neno sajenti, kidole kikasimama hapo. Kikakaa sana. Kisha akaikunja barua kwa mikunjo ileile iliyokuja nayo, akaiweka chini ya picha ya Dalmas, akanyoosha mkono apewe na ile ya pili. Kibe alisita, kisha akampa. Hiyo nayo akaisoma yote mpaka kwenye muhuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

Akaenda jikoni, akarudi na kikombe, akakiweka mbele yake.

"Kunywa, Luteni," akasema. "Inapoa."